Mikono Ambayo Kivuli Hakikuiona

Mkono wa kulia wa Mzee Hoza Mbelwa ulikatwa saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, na Kivuli kikaandika kwamba uzalishaji umesimama kwa dakika sita. Basi. Hapakuwa na damu wala ukelele katika maandishi yake. Mstari wa kijani kwenye kioo ulishuka, ukalala chini kidogo, ukapanda tena, na korona, mashine ya kusindika mkonge, ikaendelea kukwangua majani na kutema singa, zile nyuzi nyeupe, upande wa pili kama kawaida yake.

Mwantumu Sekiete aliutazama mstari ule kwa siku ya tatu mfululizo. Chai yake ilikuwa imepoa mezani na mkate haukuguswa. Alikuwa mhandisi wa mifumo katika kiwanda cha Kwesangwa, na Kivuli kilikuwa chake kama vile mtoto alivyo wa mamaye: yeye ndiye aliyekichora, akakifunza, akakipeleka Dodoma kupimwa na kupigwa muhuri.

Ndani ya Kivuli mlikuwa na kiwanda kizima. Kila mkanda, kila pampu, kila mtu aliyevaa bangili ya kazi alikuwa na pacha wake mle, nukta ndogo ya njano yenye namba. Bangili zilipeleka habari: mapigo ya moyo, joto la ngozi, kasi ya mkono na mahali ulipo. Kivuli kilizipokea, kikatangulia mbele saa moja, kikaicheza saa hiyo mara elfu moja, kisha kikachagua ile iliyotoa singa nyingi na madhara machache, na kuwaamuru watu na mashine waifuate. Watu walizoea. Tangu singa zianze kutumika kutengeneza mabawa ya mitambo ya upepo, mkonge ulikuwa umerudi kuwa mali, na hakuna aliyekuwa na muda wa kukisia.

Sheria nayo ilikuwa imezoea. Ajali ikitokea, Baraza la Ajali halikuita mashahidi wakaanza kuvutana. Lilikiuliza Kivuli.

"Injinia, taarifa iko tayari?" Meneja Kiure Msangi alisimama mlangoni, kofia ngumu mkononi. "Baraza linakaa kesho saa nne, hapa bwaloni."

"Iko tayari."

"Inasemaje?"

Mwantumu alimgeuzia kioo asome mwenyewe. Hakutaka kulitamka. *Chanzo: mlishaji namba 7. Umakini chini ya kiwango.*

Msangi alisoma, akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimwudhi Mwantumu kupita kiasi, maana angekuwa mbaya mambo yangekuwa mepesi. "Maskini Mzee Mbelwa," alisema. "Miaka thelathini na moja akiilisha korona. Bangili itakuwa nyekundu, basi tena. Hakuna geti litakalomfungukia kuanzia hapa hadi Kilosa, hata la kufagia. Na nyumba ile ni ya kampuni." Akatikisa kichwa. "Lakini Kivuli kimesema."

"Kimesema," Mwantumu aliitikia, akakirudisha kioo upande wake.

*

Ukweli ni kwamba Kivuli kilisema kile tu alichokifunza yeye.

Kuna jambo ambalo walioko nje ya kazi hii hawalijui. Mfumo wowote ni foleni zinazolishana: majani yanasubiri mkanda, mkanda unasubiri korona, korona inasubiri mtu. Unapouiga mfumo huo kwa hesabu, hesabu zako na kiwanda chenyewe havilingani sawasawa hata siku moja. Hubaki tofauti, na wenyewe huiita masalia. Masalia lazima yawekwe mahali. Mwantumu aliyaweka kwenye safu aliyoipa jina la "tabia ya mtu." Chochote ambacho mashine haikuweza kukielezea kiliangukia huko, kwenye namba ya umakini ya fulani au fulani. Lilionekana jambo la busara. Hata alipigiwa makofi kwa ajili yake.

Miaka minne nyuma, wakati Kivuli kingali kichanga, kililingana na kiwanda kwa asilimia tisini na moja tu. Muhuri ulitaka tisini na tano, na wapimaji walikuwa wanakuja Ijumaa. Mwantumu alikesha juu ya data akimtafuta mchawi, na akampata. Mara kumi na mbili hivi kwa zamu moja, bangili zote za kwenye korona zilipanda juu kwa pamoja, zikatulia hukohuko, mashine ikiwa imesimama. Dakika mbili, wakati mwingine tatu. Katika daftari la zamu hapakuwa na neno. Kivuli hakikujua kilifanyie nini jambo lile, na kila kilipolikuta kilipotea njia.

Mhandisi mwingine wa mifumo angedhani vihisio vimeharibika. Mwantumu hakuwa na kisingizio hicho. Alijua alichokuwa anakiona, kwa sababu alikiona tangu utoto wake.

Marehemu mama yake, Bi Mwanaasha, alisimama wa tatu kwenye korona ya Kwesangwa kwa miaka kumi na tisa. Korona ikikabwa na majani husimamishwa, watu huingiza mikono, huyanasua, na kusubiri waitwe. Kabla ya kuwashwa tena, mmoja wa walishaji wanaoitilia korona majani, yule asiyeingiza mkono, hupaaza sauti: "Mikono!" Na wote, kuanzia mlishaji mpaka wanaopokea singa mwisho wa mkanda, huinua mikono yote miwili juu. Hakuna anayeshusha mpaka mlishaji ameihesabu yote kwa macho. Anayekunywa maji atue kikombe. Anayejikuna aache. Haikuandikwa popote, hakuna meneja aliyewahi kuiagiza. Walijipangia wenyewe, zamani, baada ya jambo ambalo Bi Mwanaasha hakupenda kulisimulia. Hata nyumbani, kabla ya kuipua sufuria, mama alikuwa akiita "Mikono!" na watoto wote wanainua, mpaka kale kadogo kalikokuwa bado kanalazwa mkekani kanainuliwa vikono vyake na dada zake. Walikuwa wakicheka mpaka machozi.

Mwantumu aliitambua mikono ile kwenye grafu. Akaikodolea macho kama dakika kumi. Kisha akaandika chujio, mistari minne tu: bangili zote zikipanda kwa pamoja na kutulia zaidi ya sekunde tano, usomaji huo ni mbovu, utupwe. Akaendesha upya. Asilimia tisini na sita na nukta mbili.

Nitairudisha baadaye, alijiambia. Muhuri ukishapatikana.

Muhuri ulipatikana. Palikuwa na pilau na hotuba. Wiki ya tatu Kivuli kikagundua kwamba korona inasimama bure, bila sababu yoyote inayoonekana, kikaamuru iwe inajiwasha yenyewe sekunde nane baada ya kunasuliwa. Watu wa zamu walimtuma Mzee Mbelwa kwenda kulalamika. Alijibiwa kwa adabu kwamba Kivuli hakioni sababu. Siku hiyo Mwantumu alikuwa ofisini, mlango umerudishwa nusu, na alisikia kila neno. Hakutoka.

*

Alasiri alikwenda kwa Mzee Mbelwa. Alijiambia anakwenda kumjulia hali, lakini miguu yake ilijua kinachoipeleka, na kila alipokaribia nyumba zile za mstari, zenye kuta za chokaa na migomba nyuma, alipunguza mwendo.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu, karibu, karibu ndani! Mama Nakijwa, njoo umwone mtoto wa Mwanaasha!"

Alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na mwisho wa bandeji ulikuwa mahali ambapo haukupaswa kuwa. Bangili bado ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Haikupata hata mkwaruzo.

Mama Nakijwa, mkewe, alileta maziwa mgando kwenye jagi. Alifanya kazi chumba cha brashi, kule singa zinakosafishwa; alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo yalikuwa machache zaidi. Mzee Mbelwa alimpokonya jagi. Alitaka kummiminia mgeni mwenyewe. Kwa mkono wa kushoto maziwa yakaenda pembeni, yakamwagika mezani, yakatiririka hadi kwenye sketi ya Mwantumu.

"Ona sasa! Ndiyo huo uzembe wenyewe," alisema, na akacheka, na mkewe akainuka kwenda kutafuta kitambaa ili asimwone mtu usoni.

"Si uzembe, Mzee. Bado hujazoea."

"Hapana, mwanangu, usinifiche. Nimesikia kitakachosemwa kesho. Kiwanda ni kidogo hiki." Aliweka jagi chini polepole. "Unajua, nimekaa hapa nikijiuliza. Nilikuwa nawaza nini? Jani lilikwama, nikanyoosha mkono. Mpaka hapo nakumbuka. Nilikuwa nimeshalishika. Halafu sijui nini kikanipitia. Nilisubiri kitu. Kama mtu anayesubiri kuitwa hivi. Nikaganda tu."

Mwantumu aliinua bilauri, akanywa maziwa yote.

"Sasa nilikuwa na ombi," Mzee Mbelwa aliendelea, na sauti ikashuka kwa haya. "Hicho Kivuli chako kinajua mapigo ya moyo, kinajua kila kitu. Hebu kesho kiulize, kwa hisani yako. Kiulize nilikuwa nawaza nini sekunde ile. Nikijua, nitaridhika. Mtu wa miaka hamsini na sita kukaa bila kujua kwa nini amejikata mkono, ni vibaya."

Palepale ndipo pa kusema. Mwantumu alifungua kinywa. Mama Nakijwa alikuwa amepiga magoti anafuta maziwa kwenye sketi yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto, na Mwantumu akayasikia maneno yamepanga foleni kooni: mlikuwa mnasubiri "Mikono," Mzee, mwili wako ulisubiri "Mikono," na mimi ndiye niliyeifuta.

"Nitakiuliza," alisema.

Akaaga. Alikwenda hadi nyuma ya ghala la singa, akatapika maziwa yote. Alijichukia, na akajichukia zaidi kwa kuangalia kwanza kama kuna mtu anayemwona.

*

Kesho yake alifika ofisini kabla ya king'ora cha zamu. Alikifungua Kivuli pembeni, mahali pasipogusa kiwanda, na kufanya alichoogopa kukifanya kwa siku tatu. Alikiendesha mbele mara elfu moja, kila mara miaka mitatu ya kazi, kwa utaratibu uliopo. Mlishaji namba saba aliumia mara mia sita na kumi na moja.

Akamwondoa pacha wa Mzee Mbelwa, akaweka wa kijana mwenye umakini wa juu kuliko wote kiwandani. Mia tano tisini.

Akamrudisha mzee mahali pake. Akafuta chujio, akairudisha mikono pale ilipokuwa zamani, pamoja na dakika zake mbili, tatu. Kiwanda kikawa kizito kidogo, singa zikapungua. Mlishaji namba saba aliumia mara mbili.

Alimwita Msangi, akamwonyesha. Kisha akamweleza habari ya chujio, bila kujitetea, akiangalia kalamu iliyokuwa mezani. Msangi alivuta kiti akakaa. King'ora cha zamu kikalia, kikanyamaza.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Viwanda vingapi vina chujio hili?"

"Vyote kumi na moja. Walinakili kwetu."

"Basi nisikilize, Injinia, na usinione shetani. Ukilisema hili mbele ya Baraza, sheria inataka Vivuli vyote kumi na moja vizimwe saa hiyohiyo. Vyote. Mwaka jana boila la kule Mombo, nani aliyepiga kelele saa nzima kabla halijapasuka, si Kivuli? Watu thelathini na mmoja walitoka wazima. Nilikuwepo, niliwahesabu mimi. Sasa ukizima, na lingine likapasuka wiki ijayo, utawajibu nini wake zao?"

Msangi alikuwa anasema kweli.

"Rudisha hiyo mikono kimya kimya," Msangi aliendelea, sasa kwa upole. "Jumatatu. Iite marekebisho ya kawaida. Kuanzia hapo hakuna atakayeumia. Mzee Mbelwa tutamwangalia sisi wenyewe, mimi na wewe. Hatalala njaa."

"Na hao kumi na wanne?"

"Kumi na wanne gani?"

"Nimepekua asubuhi hii. Tangu Vivuli vianze, watu kumi na wanne wametajwa kuwa chanzo kwenye korona, viwanda vyote. Bangili nyekundu, wote. Mmoja alijinyonga, Meneja. Kwa aibu. Kwenye faili imeandikwa 'tabia ya mtu.'"

Msangi alivua kofia akaivaa tena. "Ukisema, humrudishi huyo."

"Simrudishi."

"Na unaweza kuwaua wengine."

"Naweza."

Waliangaliana. Msangi alisimama, akamgusa bega, akasema kwamba uamuzi ni wake, na kwamba yeye hatasema neno kwa upande wowote. Ilikuwa heshima, na ilikuwa vilevile kumwachia mzigo peke yake. Mwantumu alibaki na taarifa ya kwanza kwenye bahasha, ile inayosema namba saba. Aliitia kwenye mkoba. Ya pili hakuiandika. Alipokuwa anatembea kuelekea bwaloni bado alikuwa hajui ni yupi kati ya Mwantumu wawili atakayefika.

*

Bwalo lilikuwa limejaa. Meza za kulia chakula zilisogezwa ukutani, na kwenye ukuta wa mbele kioo kikubwa cha Kivuli kilikuwa kimewashwa. Mwenyekiti wa Baraza, Bi Eshe Mkindi, mwanamke mnene mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, alianza kama sheria inavyotaka, kwa kuhakikisha kwamba Kivuli kiko hai na kinawaona waliomo.

"Kila mwenye bangili aangalie kioo. Nukta yako iko hapo?"

Nukta zilikuwa hapo, za njano, zimejaa ndani ya mchoro wa bwalo kama mbegu ndani ya papai. Watu walinyoosheana vidole, huyu wewe, huyu mimi. Mwantumu alijitafuta kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba wahandisi, kama mameneja, hawavai bangili.

"Kivuli," Bi Mkindi alisema, "ajali ya korona ya tarehe kumi na nne ilitokeaje?"

Kivuli kilijibu kwa sauti ile tulivu aliyoichagua Mwantumu mwenyewe kati ya sauti arobaini. Kilieleza jani lililokwama, mashine iliyosimama, mkono ulioingia. Kilieleza kwamba mtu wa umakini wa kawaida hutoa mkono kwa sekunde nne, na kwamba mlishaji namba saba alibaki na mkono ndani kwa sekunde nane bila sababu inayoonekana.

"Chanzo ni nani?"

"Chanzo ni mlishaji namba saba. Umakini chini ya kiwango."

Bwalo lilinung'unika kidogo, likatulia. Nani angebishana nacho?

"Mzee Hoza Mbelwa," Bi Mkindi alisema kwa huruma ya kweli, "umesikia. Kama unakubali, simama, inua mkono, useme nakubali. Kama hukubali, Injinia yupo hapa atakufafanulia."

Mzee Mbelwa alisimama. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na mkono wa kulia wa kanzu hiyo umekunjwa kwa pini. Aliinua mkono wa kushoto.

"Wa kulia, mzee," karani alisema bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alikuwa amelisema neno hilo mara elfu katika kazi yake. Alipoinua macho na kuona, uso wake ukamwiva kwa aibu.

Na Mzee Mbelwa, mtu mwadilifu, asiyetaka karani wa watu aaibike, akatii. Aliinua na wa kulia. Kanzu iliteremka, na ile bandeji ikaonekana juu ya vichwa vya watu, karibu na mkono wake mzima. Mikono yote miwili juu.

Mwantumu aliiona picha ile. Hakukumbuka kusimama.

"Mikono!" alipaaza sauti.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Hata yeye aliisikia.

Miaka minne hawakuwa wameitwa. Lakini zamu nzima ya korona ilikuwa mle ndani, na chumba cha brashi, na waanikaji, na kabla yeyote hajajiuliza kitu, mikono ilikuwa juu. Mtu mmoja aliangusha soda yake. Mama Nakijwa aliinua yake na leso ndani ya ngumi. Hata wastaafu waliokaa kwenye benchi la nyuma waliinua.

"Injinia, hii ni nini?" Bi Mkindi aliuliza.

"Msishushe," Mwantumu alisema. "Nawaomba msishushe. Mheshimiwa Mwenyekiti, angalia kioo."

Sekunde moja. Nukta zilikuwa palepale. Mbili. Mtu alikohoa. Tatu. Msangi, karibu na mlango, alifumba macho. Nne, tano.

Nukta zote zikazimika.

Kwenye ukuta bwalo lilikuwa tupu. Meza zilionekana, na viti, na feni ikizunguka. Watu mia moja na kitu, mikono juu, walikuwa wanajitazama na hawamo. Mtoto mmoja aliyebebwa alianza kulia na hata yeye hakuna aliyemnyamazisha.

"Kivuli," Bi Mkindi alisema, na sauti ya mwalimu ilikuwa imemtoka. "Bwaloni kuna watu wangapi?"

"Bwaloni hakuna mtu."

Ndipo Mwantumu akasema. Alisema haraka na vibaya, akirudi nyuma, akisahau tarehe. Alisema kwamba hivi ndivyo walivyokuwa wakilindana, na kwamba Kivuli hakioni kwa sababu yeye alikifumba macho, kwa mistari minne, kwa kuwa wapimaji walikuwa wanakuja Ijumaa. Alisema halikuwa kosa la bahati mbaya; alijua. Alisema namba saba hakuwa mzembe, alikuwa anasubiri kuitwa. Alitaja wale kumi na wanne, na alipofika kwa yule mmoja alishindwa kulitamka jina, akalirudia mpaka likatoka. Alisema Vivuli kumi na moja vitazimwa leo kwa ajili yake, na kama boila litapasuka mahali, hilo nalo liandikwe kwake.

Karani alikuwa ameacha kuandika. Bi Mkindi alivua miwani.

Mwantumu alimgeukia Mzee Mbelwa. Alitarajia tusi, na angelipokea kwa shukrani. Mama Nakijwa alikuwa akimtazama kwa macho ambayo hayakusamehe chochote, na hayo aliyaelewa. Lakini mzee hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa akipitisha macho bwaloni, safu kwa safu, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu. Mikono bado ilikuwa juu, mingine imeanza kutetemeka, na hakuna aliyeshusha, kwa sababu mlishaji hajamaliza.

Alifika kwake, akasimama hapo.

"Bado mmoja," Mzee Mbelwa alisema.

Mwantumu hakuelewa.

"Na wewe, binti Mwanaasha. Watu wanachoka."

Aliinua mikono yake. Ilikuwa miwili, laini, mizima, na hakujua aitazame wapi. Mzee Mbelwa aliitazama kwa zamu, wa kulia, kisha wa kushoto, bila haraka, kama alivyofundishwa na kama alivyowafundisha wengine.

"Haya," alisema. "Shusheni."